Safari Hii Dirisha Litafuata Pazia

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makopo mawili ya rangi, kati ya kinyozi na karakana ya baiskeli. Wakikaa watu wanne, wa tano hukaa kwa heshima tu. Mama Birika hutuuzia kahawa hapo kila asubuhi, na maneno tunayaleta wenyewe. Kinyozi tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu aligombea udiwani mara moja, akapata kura kumi na moja, na tangu siku hiyo huzungumza kama aliyeshinda. Fundi baiskeli ni Dokta, maana hukutajia ugonjwa wa baiskeli kabla hujashuka. Mimi nilifanya kazi posta miaka thelathini na moja, chumba cha kupanga barua, kwa hiyo hawakujisumbua: ni Mzee Posta. Sipendi majina ya utani. Mwalimu aliyenifundisha kusoma alikuwa akitupiga rula vidoleni kwa herufi moja iliyokosewa katika jina la mtu, na vidole vyangu havijasahau. Lakini benchi lina sheria zake. Wa mwisho ni fundi kufuli mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, mtoto wa sajini, aliyekulia kambini na kuhamishwa kila baba yake alipohamishwa. Huyo ni Uhamisho.

Siku ninayoisimulia alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, na kwapani ana kifurushi cha gazeti. Hakukaa.

— Leo anakuja karani wa viwanja, alisema. Saa nne. Atawauliza nyinyi watatu kama mnanifahamu. Nimewaandika kuwa mashahidi wangu.

— Kukufahamu wewe? alisema Mheshimiwa. Hiyo nayo ni kazi? Mlete hata waziri.

— Ni hatua ya mwisho. Mkithibitisha, faili linaingia kikaoni saa sita na kiwanja kinakuwa changu. Msipothibitisha, anapewa anayefuata kwenye orodha.

— Anayefuata ashike njia, alisema Dokta. Ila tuambizane ukweli, Uhamisho. Wewe si mtu wa hapa.

— Nina miaka kumi na tisa hapa.

— Unayo, lakini unakaa kama mtu anayesubiri lori. Jamani, mmewahi kuingia kibandani kwake? Makasha tu! Nyundo ina kasha, tupa ina kasha, funguo zina kasha. Rafu hata moja hana. Mtu gani anakaa mahali miaka kumi na tisa bila rafu?

— Rafu haipandi lori, alisema Uhamisho.

Tulicheka. Yeye alitabasamu kidogo, kama anayelipa nauli.

— Kwenu hasa ni wapi? aliuliza Mheshimiwa, kwa ile sauti yake ya jukwaani.

— Kambini.

— Kambi ipi?

— Zilikuwa tisa. Amri inakuja Ijumaa, lori linakuja Jumapili. Mama anashusha mapazia kabla hata ya kupika. Tulikuwa na mapazia yaleyale miaka yote. Tukifika nyumba yenye dirisha dogo, mama anayakata. Tukifika yenye dirisha kubwa, anaunga kiraka. Kituo cha mwisho pazia la sebuleni lilikuwa viraka kumi na saba.

— Na mbwa? Maana askari hakosi mbwa.

— Mbwa walikuwa tisa. Wote Simba. Tukihama, Simba anabaki, na tukifika tunapata Simba mwingine. Nikilia, baba ananiambia: hukumwacha mbwa, amebadilishiwa kituo.

Mama Birika alicheka hadi akamwaga kahawa. Mheshimiwa alijipiga mapaja. Mimi pia nilicheka, nakiri.

— Na pale kwenye lori, Uhamisho aliendelea, baba hakuwa na muda wa kuita watu. Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, twende. Mimi ni tatu. Hadi leo mtu akisema tatu dukani, nageuka.

— Tatu! Dokta alifoka ghafla.

Uhamisho aligeuka kweli. Basi hapo ndipo benchi lilipoanguka kwa kicheko, na mmoja wa wateja wa Mheshimiwa alichungulia mlangoni akiwa na nusu ya kichwa imenyolewa.

— Hicho ulichobeba ni nini? nilimwuliza Uhamisho, kelele zilipopungua.

Alifunua pembe ya gazeti. Kilikuwa kitambaa cha buluu, kizito, kipya.

— Pazia, mzee. Nimenunua mita nzima nzima, sijakata hata kidogo. Sijajenga ukuta bado. Nitalipima kwanza hili, ndipo nimwambie mwashi dirisha liwe na upana gani. Safari hii dirisha litafuata pazia.

Alilifunga tena vizuri, akaosha kikombe chake mwenyewe kwenye ndoo ya Mama Birika, akakigeuza mdomo chini.

— Sharti la karani ni kwamba mwombaji asiwepo mashahidi wanapohojiwa, alisema. Nitasimama kule kibandani. Tafadhalini, ndugu zangu, leo msifanye mzaha.

Akavuka barabara. Hata hajafika upande wa pili, mzaha ukaanza.

— Mimi huwa najiuliza, alisema Dokta. Sajini gani huyo anahamishwa mara tisa? Jeshi si wendawazimu. Mtu mzuri wanamng'ang'ania.

— Umegonga penyewe, alisema Mheshimiwa. Baba yake alikuwa mzigo. Kila kamanda anampokea, anamtazama wiki mbili, anampigia simu mwenzake: nina sajini mzuri sana hapa, nakuzawadia. Na yule naye anafanya hivyohivyo. Yule mzee alizunguka nchi nzima kama noti iliyochanika.

— Hapana, hapana. Wewe hujui mambo ya jeshi. Yule alikuwa mpelelezi.

— Mpelelezi ana watoto wanne na mbwa?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Nani atamshuku mtu anayefunga mapazia? Sikiliza. Yale mapazia, viraka kumi na saba. Kila kiraka ni ujumbe. Mke anatundika dirishani, mwenzao anapita barabarani, anasoma, anakwenda.

— Anasoma kiraka?

— Wewe hujui kusoma hata kioo chako, ndiyo maana unawanyoa watu upande.

— Dokta, nilisema, mpelelezi hapelekwi na lori la jeshi na familia yake mchana kweupe.

— Mzee Posta, kwa heshima zote, wewe umepanga bahasha. Mambo ya ndani ya bahasha tuachie sisi.

Mama Birika alituongezea kahawa na kusema kwamba sisi wanaume tukipewa mada tunaifuga mpaka inazaa.

— Basi niwape ukweli wenyewe, alisema Mheshimiwa, akasimama, kwa kuwa ukweli wake hautoki akiwa amekaa. Fikirini. Malori mangapi yanahama siku moja? Sita, saba. Familia ngapi? Sita, saba. Watoto wote wana vumbi, wote wana kaptura za kambi, wote wamenyolewa na kinyozi mmoja, na mimi naujua unyoaji wa jeshi, hauachi alama ya kumtambua mtu. Baba anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, twende. Haangalii sura! Anaangalia idadi!

— Unasema nini wewe? aliuliza Mama Birika.

— Nasema katika safari tisa, idadi ilikuwa sawa, lakini watoto je? Namba tatu aliyepanda kituo cha kwanza siye namba tatu aliyeshuka kituo cha tisa. Alibadilishwa. Kama yule mbwa!

Dokta aliinamisha kichwa kwa kustahi wazo kubwa kuliko la kwake. Kisha akalipanda mgongoni.

— Na huyo wa kweli bado yupo kituo cha nne, anamsubiri baba yake!

— Na huyu wetu ni mtoto wa mpishi wa kambi!

— Ndiyo maana hajui kwao!

— Ndiyo maana haweki rafu! Anaogopa mwenye namba yake atatokea!

Walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka, na mimi ninafuta machozi kwa leso, wakati sauti ya upole iliposema:

— Shikamooni, wazee wangu.

Alikuwa binti mmoja mwenye viatu vya vumbi, faili la kijani kifuani na kalamu sikioni. Ndiye karani wa viwanja. Mama Birika alimpisha kigoda chake. Binti alikaa, akafungua faili juu ya magoti, akatazama ng'ambo ya barabara kuhakikisha kwamba mwombaji yuko mbali. Uhamisho alikuwa amesimama mbele ya kibanda, mikono nyuma, miguu mbali kidogo, kama askari aliyeambiwa alegee naye hajui kulegea.

— Nina mashahidi watatu hapa, alisema karani. Naanza kwa kuwahakiki nyinyi.

Akasoma majina ya Mheshimiwa, matatu, pamoja na la babu yake. Mheshimiwa aliacha kucheka.

— Nani kakwambia jina la babu yangu?

— Limeandikwa na mwombaji. Siyo lenyewe?

— Ndilo. Lakini hapa mtaani halijui mtu.

Akasoma ya Dokta, matatu. Dokta alijishika kidevu. La kati, alinong'ona, aliwahi kulitaja siku moja tu, msibani kwa dada yake, na hiyo ni miaka minane sasa.

Kisha akasoma yangu. Jina langu la kati lina herufi moja ambayo watu huidondosha. Serikali iliidondosha kwenye kitambulisho changu, posta waliidondosha kwenye barua ya kustaafu, na wanangu wenyewe waliidondosha kwenye kadi ya harusi. Nilimwomba binti nilione. Herufi ilikuwepo. Imeandikwa kwa mkono wa mtu aliyekaa madarasa tisa tofauti na kujua kwamba siku ya kwanza, kabla ya kutafuta dawati, unajifunza majina ya wote.

— Sawa, alisema karani. Mnakiri kwamba mnamfahamu mwombaji kwa muda usiopungua miaka kumi?

— Kumi? alisema Mheshimiwa, amerudiwa na sauti. Andika kumi na tisa, binti yangu. Huyu ni ndugu yetu. Tunakula naye, tunakunywa naye, tunazika naye akifa mtu.

— Namjua kama baiskeli yangu, alisema Dokta.

— Vizuri. Karani akaweka kiganja chake juu ya mstari wa kwanza wa fomu, akauziba. Anaitwa nani?

Mheshimiwa alimtazama Dokta. Dokta alinitazama mimi.

— Uhamisho, alisema Dokta.

— Hilo ni jambo linalompata mtumishi wa serikali. Nauliza jina lake.

— Huyu bwana, alisema Mheshimiwa, ni mtoto wa sajini. Sajini mmoja mashuhuri sana.

— Sajini nani?

— Tatu, Dokta alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu ufunguo asioujua.

— Tatu ni namba, baba.

Karani alimgeukia Mama Birika. — Mama, wewe je?

— Mimi namjua anavyokunywa, alisema Mama Birika. Bila sukari, vikombe viwili. Anaosha kikombe mwenyewe. Lakini jina... Mwanangu, sikuwahi kumwuliza. Nilidhani hawa wanalijua.

Macho yote yalinijia mimi, kwa sababu ndimi mwenye majina. Nilijua sanduku la barua la kila nyumba ya mtaa huu. Nilijua nani ana majina mawili na nani ana wake wawili. Niliwahi kumkosoa mchungaji, mbele ya waumini, kwa kutamka vibaya jina la marehemu. Lakini yule mtu hakuwahi kupata barua hata moja, kwani nani angemwandikia, na wapi? Na mtu asiyepata barua hakupita mikononi mwangu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimekaa naye ubao mmoja, nikichukia majina ya utani, nikimwita kwa la utani.

— Mzee? aliuliza karani.

— Sijui, nilisema.

Aliandika. Haikuwa sentensi ndefu.

— Binti, subiri kidogo, alisema Mheshimiwa. Yule pale. Tumwite tu, tumwulize, dakika moja.

— Mkimwuliza leo, mtakuwa mmemfahamu tangu leo, alisema karani, bila ukali. Fomu inataka miaka kumi.

Alifunika kalamu, akatuaga sote kwa heshima, akashika njia ya ofisini. Ilikuwa saa tano kasorobo. Alipopita ng'ambo, Uhamisho aliinamisha kichwa kumsalimu, naye akamwitikia kwa adabu ileile, kwa hiyo yule bwana hakuona kitu. Aliona faili limefungwa na karani anaondoka. Akachukua kifurushi chake, akachana gazeti, akakikunjua kitambaa chote cha buluu kwa mikono miwili, juu ya kichwa, upana wake wote, ili tukione.

— Mmemwambia? alipaza sauti.

— Tumemwambia! alijibu Mheshimiwa, kwa mazoea ya jukwaani.

Mama Birika aligeuza birika. Hakikutoka kitu.

— Mwiteni aje, alisema polepole. Ni afadhali aambiwe na sisi.

Mheshimiwa alisimama, akaweka viganja mdomoni kama tarumbeta, akavuta pumzi. Akabaki hivyo, mashavu yamejaa, akitafuta cha kumwita.