Mashemeji na Pembe ya Msaragambo

Ndugu zangu wa usharika, mchungaji ameniomba nisimame mbele ya kikao hiki cha watu wa ndoa, niseme jinsi nilivyotoka katika taabu ya kukaa na wakwe nyumba moja. Amenisihi nimalizie kwenye msamaha. Nimemwahidi nitafika huko, ila njia ninayoijua mimi inapita kwanza kwenye kisasi. Mwenye haraka na atangulie.

Jina la mtu sitalitaja. Anayemjua atamtambua, asiyemjua hana hasara.

Mimi mnanifahamu. Ndiye yule mwalimu aliyesoma chuo kikuu kule Uganda, akarudi na koti la sufu na maoni juu ya kila kitu. Ndimi ninayeandika makala gazetini kuwafundisha wenzangu kutunza fedha. Makala niliyosifiwa kuliko zote, ile ya matumizi ya nyumbani, niliiandika nikinywa chai isiyo na sukari, kwa kuwa sukari yote ilikuwa imeishia kwenye kikombe cha shemeji.

Walikuja wawili, kaka zake mke wangu, wakitokea tambarare upande wa Hedaru. Mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji. Mdogo kazi yake ilikuwa kuitikia na kula. Walisema wanatafuta kazi ya reli pale Same, watakaa wiki moja tu. Ndugu zangu, nawaambia, kutoka kwangu hadi stesheni ni mteremko wa nusu siku. Mtu anayetafuta kazi ya reli akiwa juu ya mlima ni sawa na anayevua samaki kwenye shamba la kahawa. Hilo nililiona tangu siku ya kwanza. Na bado nikasema, "Karibuni, hapa ni kwenu."

Sentensi hiyo jihadharini nayo. Wengine huishika kama hati ya shamba.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilimpa blanketi la pili, maana alilalamika baridi ya mlimani. Vuli ikapita, masika yakaingia. Shemeji mkubwa akachagua kiti, na kiti alichochagua ni changu. Kila mwisho wa mwezi alinipokea mlangoni. "Shemeji, pole na kazi! Mshahara umetoka? Viatu vyangu vimechoka." Nikatoa viatu. Kisha mdogo wake akaonekana hana shati. Nikatoa shati.

Msidhani sikukasirika. Kila siku nikitoka shuleni nilitunga hotuba njiani, yenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho. Nikifika mlangoni, "Shemeji, pole na kazi!", hotuba inakufa, nami nasikia mdomo wangu ukisema, "Asante shemeji, mmekula?"

Mke wangu aliniambia waziwazi, "Wewe ndiye uliyewaambia ni kwao. Nikiwatoa mimi, nitaitwa dada aliyewanyima ndugu zake chakula. Una maneno mengi gazetini, baba. Yatumie mawili hapa nyumbani."

Hata hayo mawili sikuyapata.

Sasa sikilizeni. Binti yetu alikuwa amefaulu kwenda shule ya wasichana ya bweni. Ada yake ilikuwa mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye tungemuuza shule ikikaribia kufunguliwa. Asiyefika na ada, nafasi yake hupewa mwingine, ndivyo tulivyoambiwa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkatia majani, na alikuwa akimfundisha jedwali la kuzidisha, maana alisema ng'ombe wa ada hafai kuwa mjinga.

Alasiri moja nilirudi nikamkuta ameketi karibu na kigingi kitupu, mzigo wa majani bado haujafunguliwa.

"Baba, mjomba amempeleka mtamba mnadani Makanya."

Jioni shemeji mkubwa alitokea akisukuma baiskeli mpya. Nasema akisukuma, kwa sababu njia zetu mnazijua. Kupanda haipandiki, na kuteremka nayo ni kumjaribu Mungu.

"Shemeji," nikasema, "mtamba yuko wapi?"

"Nimemuuza. Bei ilikuwa nzuri, ningeiachaje?"

"Yule alikuwa ada ya mtoto!"

Akacheka, akanipiga bega. "Shemeji bwana, unaongea kama mgeni! Nyumba yetu, ng'ombe wetu. Mtoto wa kike ataolewa aende zake. Baiskeli itabaki."

Mke wangu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Mtoto alikuwa nyuma yake. Wote walisikia.

Alfajiri yake pembe ililia. Wenyeji hamhitaji maelezo, lakini kuna maharusi hapa wametoka mbali. Huku kwetu maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa la udongo, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Ndiva ikijaa tope, pembe inapigwa, watu wanatoka kwa msaragambo, kazi ya wote. Kila mwanamume mwenyeji hutoka na jembe lake. Mgeni hatoki wala haulizwi. Mwenyeji asiyetoka, wazee wanamfuata kwake na kushika mali yake mpaka amalize kazi yake.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia shemeji akijigeuza ndani ya blanketi langu la pili. Ndugu zangu, hapo ndipo nuru iliponiangukia. Sisemi ilitoka mbinguni. Ilikuwa na joto la upande ule mwingine.

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee wa ndiva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umewahi."

"Nimekuja kusahihisha kosa. Nyumbani kwangu wanaume wenyeji ni watatu, si mmoja."

"Wale mashemeji si wageni wako?"

"Ndivyo nilivyodhani. Jana mkubwa ametangaza mbele ya dada yake kwamba nyumba ni yetu na ng'ombe ni wetu."

Mzee akanitazama. "Wana muda gani hapo?"

"Tangu vuli."

Akacheka mpaka akaegemea jembe. "Basi wana deni la tope."

Wazee walifika uani kwangu wakati wa uji. Pembe ikapigwa mlangoni kabisa, shemeji akatoka na bakuli mkononi. Kabla hajameza, baiskeli ilikwisha shikwa. Ili aipate ilimbidi aende, yeye na mdogo wake. Nami nilikuwepo. Tope lilimfika kifuani. Akina mama kwenye ukingo walimpigia makofi. "Mwenyeji! Mbona jembe ndilo linalokushika wewe?" "Msimcheke, amezoea kijiko!" Mimi nilifanya kazi karibu naye kwa makusudi, nikimpa ushauri wa kitaalamu juu ya kupinda mgongo. Katika miaka yangu ya kufundisha, sijawahi kulifurahia somo namna ile.

Kesho yake pembe ikalia tena, maana ndiva haiishi kwa siku moja. Wazee walipofika na kuishika tena baiskeli, shemeji alinyoosha viganja vyenye malengelenge, akapaza sauti.

"Wazee wangu, mimi ni mgeni! Muulizeni shemeji! Kwetu ni Hedaru!"

Hotuba zangu zote zilikuwa zikisubiri neno hilo.

"Mgeni?" akauliza mzee.

"Mgeni, mzee. Naapa."

"Mgeni hadaiwi jembe. Umesamehewa."

Shemeji akaruka kuishika baiskeli. Mzee akalaza fimbo juu ya kiti cha baiskeli.

"Taratibu. Mgeni aliuzaje ng'ombe wa mwenyeji?"

"Chagua, bwana. Ukiwa mwenyeji, beba jembe, na siku zote ulizolala utazilipa. Ukiwa mgeni, baiskeli ni ya mwenye ng'ombe."

Akatazama baiskeli, akatazama viganja vyake. Mwisho akamgeukia mke wangu. "Dada, sema neno."

Mke wangu alijifuta mikono kwa kanga. Nami niliogopa, kwa kuwa wale wamenyonya ziwa moja.

"Mgeni haondoki na mali ya mwenyeji, kaka," akasema. "Nitawafungia makande ya njiani."

Niliwasindikiza hadi kona ya njia, kama heshima inavyotaka. Mzigo sikuwapokea.

Baiskeli niliiuza Same kwa karani mmoja. Haikufikia bei ya mtamba. Pengo nililiziba kwa kuuza koti la sufu la chuo, ambalo hata hivyo lilikuwa halifungi tena tumboni. Binti yetu alifika shuleni siku ya kufungua. Sasa akija likizo husoma makala zangu na kuzikata kwa wino mwekundu.

Namshukuru mzee wa ndiva na wazee wenzake. Nawashukuru akina mama wa ukingoni kwa makofi yao. Zaidi namshukuru mke wangu, aliyelipa gharama ambayo mimi sikulipa, maana waliokwenda ni damu yake.

Somo langu ni dogo. Anayeingia kwako mwambieni mapema yeye ni nani. Akiwa mgeni, mlisheni kwa moyo, naye asiguse mali. Akiwa mwenyeji, apewe jembe siku hiyo hiyo. Msimwache awe mwenyeji wakati wa kula na mgeni pembe ikilia.

Mchungaji ananitazama, msamaha sijausahau. Wiki iliyopita shemeji mkubwa alipanda mlima kunitembelea. Siku hizi ameoa, amejenga Makanya, amekonda. Nilimpa chai yenye sukari tele.

"Shemeji," akaniambia, "kaka zake mke wangu walikuja kwa wiki moja. Huu ni mwaka. Wanakalia kiti changu. Wewe ulifanyaje?"

Ndugu zangu, mpaka leo anadhani wazee walijileta wenyewe. Makanya nako kuna mfereji, kuna zamu na kuna wazee. Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili. Nilimpiga bega, kama yeye alivyonipiga mimi siku ya baiskeli.

"Vumilia, shemeji," nikasema. "Wataondoka wenyewe."

Kwa hiyo nawaomba, atakayeteremka Makanya amfikishie salamu zangu za upendo. Haya mengine ya leo asimwambie. Nitamwambia mwenyewe, masika yakiisha.