Swali la Tatu la Mwalimu Rispah

Bi. Rispah Wafula anastaafu tarehe 31 Desemba 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Minne ya mwanzo alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo huku kusini, na iliyobaki yote ameimaliza hapa chuoni, akiwafundisha wauguzi na maofisa wa ustawi saikolojia ya afya. Hii ni mara ya nne mwaka huu ninaombwa kuandika maneno ya kuagana. Wenzetu wanaondoka mmoja mmoja, na tunaobaki tunagawana vipindi vyao. Msomaji akiuona uchovu katika maandishi haya, asishangae. Ni wetu sote.

Alikuja pwani mwaka 1971 kutoka bara, na Kiswahili chake kikachelewa kidogo kufika. Aliwaambia wagonjwa "kuja hapa," nao wakamtazama kwa huruma, wakaja. Leo yeye ndiye anayewasahihisha wanafunzi wetu wa Ukunda, nasi wenyeji tunajifunza kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Somo lake lilizaliwa na kosa, wala hakulificha. Kila darasa jipya lilisimuliwa kisa hicho. Asubuhi moja aliletwa zahanatini mwanamke kijana kutoka Gazi, jina lake Subira. Muuguzi Rispah alimwuliza hujambo, akajibiwa sijambo. Akamwuliza habari, akajibiwa njema, alhamdulillahi. Basi akaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, akamketisha mwisho wa foleni. Kabla ya adhuhuri Subira alianguka chini. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alikimbizwa kupasuliwa, Mungu akamjalia akapona. Muuguzi alimwendea kitandani kumlaumu kwa nini hakusema mapema. Mgonjwa hakuwa na nguvu, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Kwani uliniuliza?" alisema Subira. "Ulinisalimu, nami nikakujibu. Ulitaka nikujibu vipi mbele za watu, nami nimefunzwa adabu kwetu?"

Kutoka siku hiyo Bi. Rispah akawa na utaratibu wake, na ndio aliokuja kuufundisha hapa. Kwanza msalimie mtu. Pili, muulize habari za nyumbani kwake. Hayo mawili ni adabu, waweza kuyafanya umesimama na faili mkononi. Kisha vuta kiti, uketi, umuulize: na wewe mwenyewe je? Halafu ungoje. Mengine yote ya somo hili, hofu, maumivu, aibu ya ugonjwa, mtu kukataa dawa aliyoandikiwa, aliyafundisha kwa vitabu kama walimu wengine. Lakini kungoja hakumo vitabuni, na ndiko kulikowashinda wanafunzi.

Kwa hiyo alimleta Subira mwenyewe. Wawili hao walikuwa wamekwisha kuwa mashoga, na kila mwaka Subira alipanda kutoka Gazi kuja kuwa mgonjwa wa darasa, kwa malipo ya chai na mahamri. Alijilaza juu ya benchi, akajichagulia maradhi, akakataa kuyataja mpaka aulizwe inavyotakiwa. Griffin, ambaye sasa ni muuguzi mzuri na atanisamehe, alimmiminia maswali bila kupumua, akaambulia alhamdulillahi kwa kila moja, akaandika kwamba mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani. "Mwanangu, ushaniua," Subira alimwambia. "Sasa nipe chai yangu." Mwaka mwingine alizimia kwa ufundi hata mwanafunzi mwingine, Feisal, akatoka mbio kutafuta machela, ikabidi huyo ‘marehemu’ mwenyewe amwite arudi.

Tulicheka sana miaka hiyo. Mwaka jana hatukucheka. Vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilipozuka Agosti, wengi wao walifunga virago. Bi. Rispah alikaa nyumbani kwa Subira mpaka mambo yakatulia, akarudi darasani na buibui la kuazima, akakuta nusu ya viti havina watu. Akawafundisha waliokuwapo. Baadaye ukaja mgomo, ikaja mvua iliyotukatia barabara, kikaja kipindupindu, na wanafunzi wakapelekwa wadini kabla hawajaiva. Kila asubuhi tulimwuliza habari, naye akatujibu njema, kila mtu akashika njia yake.

Angeweza kuondoka mapema, kama walivyoondoka wengine. Kilichomzuia ni kile kipindi cha Alhamisi, saa tatu. Kamati ya masomo ilikuwa imeamua kwamba siku atakapokwenda, kipindi hicho kitapewa famasia, isipokuwa apatikane mwalimu wa kukishika. Mkuu wa chuo, Bw. Kavumbi, si mtu mbaya, ila husema somo hili halina sindano wala kidonge. Bi. Rispah alituzungukia mmoja mmoja. Mimi alinifuata mara mbili, nikamwambia nina masomo manne na magoti mabovu. Hakunishurutisha. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Oktoba, asubuhi moja ya Alhamisi, nilikuwa nikipita kwenye veranda ya darasa lake. Subira alikuwa amelala juu ya benchi, wanafunzi wamemzunguka. Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta. Subira alimtazama kidogo, kisha akainuka kabla hajaulizwa lolote, akampisha mahali.

"Keti, shoga yangu. Hujambo?"

Sijambo, akajibu Bi. Rispah. Nyumbani je? Nyumbani wazima.

"Na wewe mwenyewe je?"

Subira akangoja. Wanafunzi nao wakangoja, na safari hii hakuna aliyeandika kitu.

"Nimechoka, Subira," akasema Mwalimu Rispah. "Nimechoka, na sina wa kumwachia."

Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akijibu hivyo. Nilisimama pale verandani na chaki yangu, nikaona haya, nikaona na huzuni. Kisha nikaenda ofisini kwa Bw. Kavumbi, nikamwomba aitafutie famasia siku nyingine. Ratiba ya Januari imekwisha bandikwa ukutani: Alhamisi, saa tatu, saikolojia ya afya, E. Chirau. Magoti ni yale yale. Subira ameleta salamu kwamba atakuja, na maradhi atachagua mwenyewe.

Mwalimu Rispah, chuo kinakushukuru, na wagonjwa wengi wa kusini hii wanakushukuru pasipo kukujua. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na kengele. Utakapopita kututembelea, tutakuamkia, tutakuuliza habari za nyumbani, nawe utatujibu utakavyo. Swali la tatu usilikimbie. Kiti tutakuvutia, na tutangoja.

Esha Chirau,
kwa niaba ya walimu wote