Mama Léocadie Irankunda, Aliyewasomea Watu Maneno Yao

1974–2021

Ndugu tulio hapa kumi, kama sheria ya korona inavyotaka, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu: mimi ni Mélanie, mtoto wa dada yake. Nimeombwa nisome maisha ya mama yangu mdogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, Ruyigi, Burundi. Akiwa na miaka mitatu polio ilimshika mguu wa kushoto. Tangu hapo alitembea kwa magongo, na sisi watoto tulimjua kwa mlio kabla hatujamwona: tak, kimya kidogo, tak.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ruyigi. Mwaka 1993 vita ilimkimbiza Tanzania, amebebwa kwa baiskeli. Baadaye, kambini Mtabila, Kasulu, aliwaandikia barua wasiojua kuandika. Barua haikutoka mpaka mwenyewe asomewe, aseme, "Ndiyo, ni hivyo."

Kambini ndiko alikofunga ndoa na Baba Égide, tarehe 12 Desemba 1998. Mungu akawapa Adrien. Mwaka 2007 walifika Sydney, wakakaa Blacktown.

Alianza kwa kufunga vifurushi kwenye ghala, Wetherill Park. Mwaka 2016 Daktari Nkatha, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, alimwomba awe kiungo kati ya watafiti wa afya na wagonjwa na walemavu wanaodai haki zao. Siku ya kwanza profesa mmoja akamwita sampuli.

"Baba, sampuli ni ya mkojo," akajibu. "Mimi naitwa Léocadie."

Profesa alicheka, akaliandika jina. Kisha mama mdogo akawawekea sharti lake la kambini: maneno ya mgonjwa hayaingii kwenye ripoti mpaka asomewe. Akimaliza kusoma aliuliza, "Nimesema sawasawa?" Halafu alinyamaza, akavuta pumzi kumi, akisubiri. Watu huona aibu kumrekebisha mtu wa chuo. Kile kimya ndicho kilichowapa nguvu.

Ripoti ya mwisho ilihusu ngazi za kliniki. Ilikuwa ifungwe Ijumaa tarehe 27 Agosti mwaka huu, na maneno ambayo mwenyewe hajayakubali yangefutwa. Alibaki mtu mmoja wa kusomewa, Mama Aketch wa Ingleburn, asiyeona. Jumanne tarehe 17 korona ilimzidi mama mdogo, ambulensi ikamchukua. Magongo yalibaki nyuma ya mlango, lakini daftari lake la maneno ya wagonjwa alilidai: "Nipeni. Nimebakiza Aketch."

Tangu Jumapili tarehe 22 mashine ndiyo iliyompumulia, hakuweza kusema. Alifariki Jumatano tarehe 25, saa tisa alasiri. Baba Égide alimuaga kwa simu ya nesi.

Ijumaa asubuhi Mama Aketch alimpigia Daktari Nkatha.

"Sasa andikeni. Léocadie amenisomea jana."

"Jana gani, mama?"

"Jana Alhamisi! Saa yangu inaniambia siku, sijazeeka hivyo. Aliniuliza kama ni sawasawa, nikamwambia hapana. Sikusema mimi ni mzigo, nilisema hizo ngazi zenu ndizo mzigo. Akanyamaza vile anavyonyamaza. Halafu nikasikia gongo lake likienda, tak."

Daktari Nkatha aliyaandika hivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo alipompa habari ya msiba.

Jumatatu hospitali ilituletea vitu vyake kwenye mfuko uliofungwa. Simu ilikuwa imezimika. Kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, kwa mkono wake: "Aketch. Si yeye mzigo, ni ngazi. Nimemsomea. Amekubali." Hakuweka tarehe, yeye aliyeandika tarehe hata kwenye mfuko wa mchele.

Nisichokijua sikielezi. Ninajua tu kwamba maneno ya Mama Aketch yamo kwenye ripoti.

Ameacha mume, Baba Égide; mwana, Adrien; dada yake, ambaye ni mama yangu; mimi; na mwanangu mchanga, aliyemwona kwa dirisha tu, wakagusanisha viganja kwenye kioo.

Mama mdogo, maneno ya mtu hayatoki mpaka ayasikie mwenyewe. Haya yalikuwa yako. Nimesema sawasawa?

Ndugu, tuvute pumzi kumi, tumsubiri.

Pumzika kwa amani, mama. Kama nimekosea mahali, namba yangu unayo.