Wajina wa Kinyozi

Ndani ya basi, mama mmoja alikuwa anampeleka mwanawe mchanga kwa msajili wa vizazi, na kwenye fomu nafasi ya jina bado ilikuwa tupu. Mzee wa kiti cha pili akamhurumia, akamgawia jina lake mwenyewe bila kuombwa.

"Jina hili halijamwangusha mtu, mwanangu. Wajina wangu mmoja anapasua mioyo. Mwingine ni profesa wa mchwa. Wa tatu ameandika kitabu kizima kumpinga wa mchwa!"

"Na wewe, baba?"

"Kinyozi. Wote watatu nawanyoa mimi."

Mama, ambaye hakuwa amelala wiki nzima, akaangua kicheko. "Kati yenu wanne, nani anapata usingizi?"

Basi likasimama. Mama akashuka, kifuniko cha kalamu tayari kiko menoni.

"Mimi!" kinyozi akapaza sauti dirishani. "Tena nakoroma!"