Dada Kanda na Chumba cha Mablanketi

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, fundi wetu wa sauti hapa redioni, Dada Kanda, anastaafu na kukabidhi funguo za studio. Tuseme ukweli mapema: hatujajiandaa.

Alianza kazi enzi za mashine za kanda, akikata na kuunga vipindi kwa wembe. Kompyuta zilipokuja alizizoea upesi kuliko sisi, ila hakuacha kulalamika kwamba sauti za kompyuta ni nyembamba na baridi, kama chai ya jana. Mashine ya mwisho ya kanda ilipotupwa stoo aliiomba, akaipeleka nyumbani kwa teksi. Mumewe alipoiona mlangoni alishukuru sana, akidhani ni jiko jipya.

Sasa ana studio yake chumbani. Mablanketi ukutani, kompyuta mezani, na sauti akishairekodi huipitisha kwenye ile mashine kisha akairudisha kwenye kompyuta, ipungue ukali. Friji huzimwa ili isingurume. Siku moja alisahau kuiwasha, nyama yote ikaoza, na shemeji yetu mpaka leo akitukuta hutusalimia kwa lawama.

Hilo tunalicheka. Lakini kuna hili. Zamani kanda zilikuwa chache, kwa hiyo kipindi kikishakwenda hewani, kanda yake ilifutwa itumike tena. Ndiyo ilikuwa amri, na mfutaji alikuwa yeye. Mdogo wake wa kike aliwahi kuja kuimba wimbo mmoja hapa studioni. Kanda ile nayo akaifuta kama nyingine zote. Mdogo mtu alipofariki, ilibaki nakala moja hafifu, aliyoirekodi jirani kwa redio yake kipindi kilipokuwa hewani. Ameipitisha kwenye mashine yake mara nyingi, maskini. Inapata joto kidogo, lakini pumzi ya yule binti haimo.

Mama yao, aliyewafundisha wimbo ule, bado yupo, ingawa sauti yake imeanza kukauka. Kila mwaka Dada alipanga kumrekodi, na kila mwaka sisi tulimwita zamu za dharura wikendi. Inatuuma sana. Tulimnyang'anya siku ambazo hazikuwa zetu.

Asante, Dada, kwa masikio yako, na kwa kutugombeza kila tulipokohoa karibu na maikrofoni. Kesho yake, Jumamosi, simu ya kituo haitalia kwako. Tumeapa, hata mitambo yote izimike. Mkalishe mama katikati ya mablanketi, uzime friji, umwache aimbe. Maisha yawe mema kwako, na safari hii usifute kitu.