Zinaida Luvanda, Mchoraji Aliyetaka Kuzikwa Ilula

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Devotha, binti wa mzee Edmund Luvanda. Marehemu alikuwa mke wa kaka yake baba, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Marehemu Zinaida alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 katika mji wa Vologda, Urusi. Baba yake alikuwa seremala wa reli, mama yake alikamua ng'ombe katika shamba la ushirika. Alisoma shule huko huko, na mwaka 1971 akaingia chuo cha sanaa Leningrad, alikohitimu mwaka 1977. Walimu wake walimfundisha kumchora mtu akiwa kazini, na nguo zake za kazini, bila kumpunguzia uchovu wala kumwongezea uzuri.

Leningrad ndiko alikokutana na baba mkubwa Liberatus, aliyekuwa akisomea uhandisi wa maji. Alimkuta katika jumba la makumbusho, amesimama muda mrefu mbele ya picha ya wakulima wakivuna. Akamuuliza anatazama nini. Liberatus akajibu, "Yule mama wa katikati anashika kiuno kama mama yangu." Walifunga ndoa tarehe 3 Juni 1978, na mwaka uliofuata wakaja Tanzania. Mungu akawajalia watoto wawili, Eveline na Lusekelo.

Liberatus alipangiwa kazi Mbeya. Marehemu akafundisha uchoraji katika shule ya sekondari hadi alipostaafu mwaka 2007. Jumamosi alikuwa katika soko la Mwanjelwa na kiti chake cha kukunja, akichora wabeba mizigo, mafundi cherehani na mama wauza ndizi. Rangi zake zilikuwa za udongo na moshi, na mwanga aliupenda utokee upande mmoja, kama unavyoingia mlangoni. Watu walimshauri achore twiga, watalii watanunua. Akasema, "Twiga simjui. Namjua Asmaa."

Asmaa aliuza vitenge pale sokoni. Alipoona picha yake alishtuka: "Mama Lusekelo, yaani umenichora na pua hii hii?"

"Nyingine ningeitoa wapi?" akajibu marehemu. Picha ile bado iko sebuleni kwa Asmaa, naye leo yuko hapa pamoja nasi.

Sina budi kueleza na lililotuumiza. Mwaka 1994 marehemu alimchora mama mkwe wake, bibi yetu Tekla, akitoka shambani hapa Ilula: miguu peku, visigino vimepasuka, gauni lina kiraka begani. Picha ikatundikwa kwenye maonyesho Iringa mjini. Bibi mwenyewe aliitazama, akacheka, akasema, "Miguu ni yangu." Lakini baba yangu alikuwa diwani wakati huo, na watu waliomheshimu walikuwa wanapita pale. Akaishusha picha ukutani, akamwambia shemeji yake mbele ya wote, "Umemwaibisha mama. Wewe si wa kwetu, na ukifa usiletwe Ilula."

Neno hilo lilikaa kwenye ukoo miaka thelathini. Baba mkubwa alipofariki mwaka 2011, marehemu alisimama nyuma kabisa makaburini hapa Ilula, akaondoka kabla ya chakula. Tulidhani atarudi Urusi. Hakurudi. Alibaki Ipogolo, Iringa mjini, kwenye nyumba waliyohamia baada ya kustaafu, akaendelea kuchora.

Februari mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa, akapata nafuu kidogo, kisha akadhoofu sana. Mwezi Julai alimuuliza Lusekelo, "Mtanizika wapi?" Lusekelo akamwambia Eveline. Eveline akaja nyumbani kwetu akalia mbele ya baba. Kesho yake baba akavaa suti, akaniambia nimsindikize Ipogolo.

Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Kamwene, shemeji," akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene," marehemu akaitikia kutoka kitandani. "Kaa pale penye mwanga. Vua koti. Devotha, nipe penseli."

Baba akakaa, naye akaanza kumchora. Baadaye baba akasema, "Shemeji, nimepasafisha pale kando ya kaka. Ni mahali pako. Siku ile niliona aibu kwa ajili ya mama yangu, nikakutupia wewe."

Marehemu akasema, "Edmund, usilie. Unaniharibia kivuli." Baba akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikatoka nje kupumua.

Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za kaburi. Baba alikwenda kila wiki, na picha ikaisha: upara, mifuko chini ya macho, kila kitu. Baba anasema ni yeye kweli.

Mama mkubwa alifariki asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2024, nyumbani, bila maumivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Eveline. Tumelia, ndiyo, lakini mioyo yetu ni myepesi.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, shemeji yake Edmund, na dada yake huko Vologda anayetusikiliza sasa hivi kwa simu, Lusekelo akimtafsiria. Mama, usiwe na wasiwasi. Yuko kwao.

Mama mkubwa, lala salama kando ya mumeo.