Nyonga Mpya ya Maman Virginie M'Bisimwa

Maman Virginie M'Bisimwa alizaliwa Miti, Kabare, tarehe 14 Aprili 1949. Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha akajifunza ushonaji. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha wasichana wa Kadutu kushona, na aliyeshona pindo lisilonyooka alifumuliwa kazi yake mbele ya wenzake. Wengi walilia. Ndio waliomshonea nguo aliyovaa leo.

Tarehe 7 Agosti 1971 aliolewa na Papa Théodore Zagabe. Kaka mkubwa wa mumewe, Mzee Stanislas wa Kalehe, alimpokea kama binti yake. Naye Maman Virginie kila alipompa shemeji yake kikombe alipiga magoti, ndivyo alivyolelewa.

Mwaka 2019 nyonga ya kushoto ilianza kumtesa, kupiga magoti kukamshinda. Mzee Stanislas, mtu wa utani, akasema: "Shemeji siku hizi ananipatia kikombe akisimama. Ameniona mutoto?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, kisha akaenda jikoni kulia.

Tarehe 5 Septemba 2023 alipasuliwa hapa mjini, akawekewa nyonga ya chuma. Daktari alimwonya: "Maman, kutembea utatembea. Lakini usipige magoti, na kiti ya chini usikalie. Hii proteze inaweza kutoka." Wiki ya nane alipanda mlima kwenda misa kwa miguu yake, mumewe akihema nyuma.

Jumapili, tarehe 19 Novemba, Mzee Stanislas alikuja kumjulia hali. Maman Virginie alimletea chai. Kabla mtu hajatia neno, alikuwa amekwisha kupiga magoti, kikombe mikononi. Alipojaribu kuinuka, nyonga ikatoka na mfupa ukavunjika. Alipasuliwa tena Jumanne, kidonda kikaharibika. Alituaga Jumatatu, tarehe 4 Desemba, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mume, watoto watano, wajukuu kumi na wanne, na Mzee Stanislas, ambaye tangu siku ile hali chakula vizuri, akisema utani wake ndio uliomuua. Mzee Stanislas, usikie: kabla ya kuingizwa tena chumba cha upasuaji marehemu alimwagiza binti yake Christine maneno haya, tuyasome mbele ya watu wote iwapo hatarudi:

"Muambieni papa Stanislas asijilaumu. Docteur alinikataza, nilisikia muzuri, na sikusahau. Hakuna mutu alinituma. Miaka ine nilikuwa nasimama mbele yake nikiona haya. Ile siku nilipiga magoti, na nilifurahi."

Mungu amjalie pumziko la amani.